Mahogani ya Mama

Dada yangu mpendwa,

Kwa heshima na taadhima, na kwa niaba ya wote waliobaki na akili timamu katika nyumba hii, yaani mimi, na paka siku ambazo hana njaa, natangaza rasmi kwamba lile kopo la maziwa ya unga lililokuwa likikaa juu ya friji limestaafu ukopo. Sasa ni chombo cha maua. Limebandikwa waridi za karatasi pande zote, likapakwa vanishi, likawekwa katikati ya meza, na sote tukaitwa kuja kulitazama. Baba alipiga makofi. Kaka alipiga picha. Mimi nilipiga chafya, kwa kuwa vanishi ilinipanda puani. Maua ya kutia humo hatuna, na ukitia maji linavuja, lakini hayo ni mambo madogo, na anayeyataja huambiwa ana roho mbaya.

Baada ya tangazo hilo, shikamoo dada. Natumaini barua hii inakukuta mzima, pamoja na shemeji na watoto, na kwamba goti lako limeacha kukusumbua. Sisi huku ni wazima, kwa maana ya kwamba tunapumua. Baba hajambo, anakula vizuri na anasinzia vizuri. Kaka hajambo. Mtoto wake, yule tunayemwita Kidomo, hajambo na domo lake limezidi kukua. Wifi yetu hajambo kupita kiasi. Nimeipata barua yako kwamba umeshaacha ukuta mtupu sebuleni kwa ajili ya kabati la mama, kwamba shemeji ameshaongea na mtu mwenye lori, na kwamba mama mkwe wako ameshaambiwa ni mahogani. Nitalifikia kabati, dada. Usinikimbize. Habari ya kabati haielezeki kabla ya habari ya gundi.

Ugonjwa wenyewe unaitwa dekupaji. Wifi aliupata kwenye simu, kama watu wengine wanavyopata matapeli. Unakata picha nzuri kutoka karatasi yoyote, unaibandika juu ya kitu kilichokuwa kikijikalia zake kwa amani, unakipaka gundi iliyozimuliwa kwa maji, unangoja kikauke, unakipaka vanishi, kisha unaita watu. Karatasi inayopendwa ni tishu za mezani zenye maua. Unazichambua zile tabaka nyeupe za chini, unabaki na ua jembamba kama ganda la kitunguu, na likishakauka huoni lilipoanzia wala lilipoishia. Ukiona nimeyajua yote hayo usidhani nimejiunga. Nimesikiliza tu. Mtu ukitaka kumchukia mwenzio kwa ufasaha, sharti umsikilize.

Kila Jumapili baada ya chakula tunakuwa na kitu kinachoitwa kazi za mikono za familia. Simu zote zinawekwa ndani ya kikapu, ambacho nacho kimeshabandikwa vipepeo, na watu wanakaa mezani. Baba amefufua kile kioo chake cha jichoni cha kutengenezea saa. Anakibana kwenye jicho, anakata manyoya ya ndege mmoja wa karatasi kutoka saa ya chakula mpaka saa ya chai, na haongei. Kaka, ambaye wewe unajua kwamba tangu utotoni ukimtuma mkate anauliza kwa nini yeye, sasa anashika mfuniko wa sufuria na kupepea gundi ikauke, na uso wake umejaa imani. Kidomo anajipaka gundi viganjani, anaibambua ikikauka, anawafukuza watu nayo akisema ni ngozi yake. Mimi nakaa kwenye kizingiti cha jikoni, miguu nimekunja nne, natoa maoni.

Wifi haongei na mimi moja kwa moja. Anaongea na vyombo. Jumapili ya kwanza aliiambia sufuria ya wali, akiisugua, kwamba ziko nyumba zina watu wazima wasio na mume, wasio na mtoto, wasio na hata kazi ya mikono, wamekaa mpaka wamehesabika kwenye samani, akishangaa kwa nini mtu kama huyo hajapakwa vanishi. Nami nikamgeukia paka, nikamwomba anieleze ni mwanamke gani huyo anayebandika ndege kila mahali ilhali ndege wake hawana shingo, kichwa kimeota kifuani kama kifungo cha shati. Sufuria ikaambiwa kwamba wenye macho ya husuda huona vilema tu. Paka akaambiwa kwamba wenye mkasi butu huona ndege tu. Kaka akapepea kwa nguvu zaidi. Baba akaomba asogezewe gundi.

Na kazi ikaendelea. Trei zikaota matunda. Saa ya ukutani imezungukwa na vipepeo wengi hata mshale ukipita katikati yao hujui umeelekea wapi, na juzi nilichelewa kazini kwa ajili ya kipepeo. Mfuniko wa choo una tausi aliyefungua mkia wote. Baba anasema huwa anamwomba radhi kabla ya kukaa. Nilipolalamika kwamba mtu hawezi tena kwenda haja bila kutazamwa, wifi aliuambia ufagio kwamba tausi naye hakupenda, ila ana adabu, hasemi.

Sasa nikuambie nilichofanya, maana utakisikia kwa wengine kikiwa kimetiwa chumvi, ilhali mimi nilitia sukari. Gundi ya dukani ilimwishia katikati ya wiki, siku mbili kabla ya kikundi chake cha akina mama kuja kujifunza. Nikajifanya malaika. Nikamwambia, kwa kinywa changu na si kupitia paka, kwamba pale dukani kwetu kwenye fotokopi zamani tulikuwa tunabandika bahasha kwa uji mzito wa unga wa ngano, unashika kama saruji, na kwamba nitampikia. Alinitazama kama mtu aliyesalimiwa na ng'ombe. Lakini shida ilimbana, akakubali. Nikampikia sufuria nzima, nikaikoroga vizuri, na ndani nikamimina sukari kama ya chai ya wageni wengi. Akabandikia trei yake kubwa, ile ya kasuku, aliyotaka kuwaonyesha wenzake kama mfano. Vanishi alikuwa hajaipaka, alitaka kuipaka mbele yao.

Mende wa nyumba hii, dada, wewe unawajua, hawana ubaguzi. Akina mama walipofika, wamevaa vizuri, wamekaa kwa adabu, wifi akafunua kitambaa juu ya trei kama anayefunua jiwe la msingi. Kasuku wote walikuwa hawana vichwa. Mmoja alibaki mguu na tawi. Mama mmoja mwenye kifua kikubwa akauliza kwa upole kama huo ndio mtindo wenyewe, na wengine wakacheka mpaka mmoja akashika mlango. Mimi nilikuwa jikoni, nimeuma leso. Wifi alipitisha kidole juu ya trei, akakilamba, akanitazama kupitia mlango ulio wazi. Macho yale sitayasahau. Yalikuwa yanatafuta kitu changu ninachokipenda.

Na kitu hicho kilikuwa kimoja, naye alikijua. Wewe ulikuwa umeshakwenda kwa mumeo, kwa hiyo hukuona jinsi mambo yalivyokuwa tangu mama atutoke. Chumba chake na Baba kilipakwa rangi upya, nguo zake ziligawiwa, kitanda kikapewa Kidomo. Kilichobaki cha mama kikiwa kama kilivyokuwa ni kabati lile la sebuleni. Mimi ndiye ninayelifuta. Wewe unakumbuka utawala wake: hakuna kikombe cha moto juu yake, hakuna kuegemea, hakuna mpira ndani ya nyumba kwa ajili yake. Mgeni akiingia, kabla hajapewa hata maji, mama aligonga ubavu wa kabati kwa kifundo cha kidole na kusema mahogani tupu, na mgeni alilazimika kutikisa kichwa. Kuna mgeni mmoja aliyesahau kutikisa kichwa, na chai yake ilikuja bila sukari.

Ijumaa ya wiki iliyofuata nilirudi kutoka kazini, mikono imekolea wino, nikafungua mlango, nikadhani nimeingia nyumba ya watu. Kabati lilikuwa bustani. Kutoka miguuni mpaka kwenye vioo lilikuwa waridi, na katikati ya waridi ndege, na ndege wengine, aibu yangu, walikuwa na shingo, kwa maana walikatwa na Baba. Vanishi ilikuwa bado inang'aa. Nilipiga ukelele ambao jirani alidhani ni msiba, akaja na upande wa kanga begani, akaangalia, akasema mbona limependeza, nikamwonyesha mlango.

Hapo vyombo na paka wakapumzika, tukaongea wenyewe. Nilimwambia wifi kwamba ameingia nyumba hii na begi moja na sasa anataka kumfuta mama yetu kwa tishu za kufutia midomo. Akaniambia kwamba mimi simlindi mama, ninalinda kisingizio cha kutoolewa. Nikamwambia mikono yake haina baraka, kila ikigusacho kinageuka kuwa sahani ya harusi ya mtu mwingine. Akaniambia afadhali mikono ya gundi kuliko roho ya sukari. Kaka akajaribu kusema jamani, nikamwambia anyamaze yeye na mfuniko wake. Nikaapa mbele ya wote kwamba mimi na mwanamke huyu hatutalala tena chini ya bati moja, mmoja wetu ahame. Kaka akasema, kwa sauti ya kuazima, kwamba mkewe akihama naye anahama. Kidomo akauliza kama akihama atakwenda na kitanda cha bibi.

Baba alikuwa ameketi na kioo chake bado kimebanwa jichoni, kwa hiyo jicho moja lilionekana kubwa kama la bundi. Alikitoa, akakifuta, akatoa hukumu, na unajua Baba akishasema hasemi mara ya pili. Alisema maua yatabanduliwa kesho asubuhi kwa maji ya moto, wifi akiwepo na mimi nikiwepo, mtu mwingine asiwepo, yeye anakwenda kwa kinyozi na Kaka na mtoto. Akirudi ataangalia mbao. Mbao ikiwa nzima, mimi nitamwomba wifi radhi mbele ya watu na nitafunga mdomo. Mbao ikiwa imeharibika, aliyeiharibu atafute pa kwenda. Nililala usingizi mtamu. Nilijua gundi ile na vanishi ile vimeshakula mbao, na kwamba jioni ya kesho wifi yetu atakuwa anafunga vikopo vyake.

Asubuhi wakaondoka. Tukabaki wawili, kama mabondia waliosahauliwa na refa. Wifi alichemsha maji, akaloweka taulo, akalikamua, akalibandika ubavuni mwa kabati, akasubiri. Halafu akasogea kando. Akasema kwamba kwa kuwa mimi ndiye mwenye uchungu, nivute mimi. Nilivuta, dada. Nilivuta kwa raha ambayo sijaipata tangu shule. Waridi likaja. Likaja na jirani yake. Na chini ya waridi, likining'inia pamoja nalo kama ngozi ya maziwa, ikaja mahogani.

Kwanza nilishangilia. Nilimwambia nimekukamata, tazama, umechuna mbao ya marehemu, kafunge mizigo. Yeye alikuwa amekaa juu ya mkono wa kochi, anajipangusa vidole kimoja kimoja. Akaniambia nigeuze nilichoshika nitazame mgongo wake. Nikageuza. Mgongo ulikuwa mweupe. Ile mistari mizuri kama mawimbi, yale macho ya mti tuliyokuwa tukiyafuata kwa vidole tukiwa watoto, wewe ukisema hili ni ziwa na mimi nikisema hili ni shimo la panya, yote yalikuwa yamechapwa kwenye karatasi. Kwenye kabati lenyewe, pale nilipochuna, palikuwa na ubao wa unga wa mbao ulioshindiliwa, rangi ya uji, na ulianza kuvimba kwa maji ya moto huku ninautazama.

Wifi alinieleza, bila haraka, kwamba alilijua hilo tangu mwezi wake wa kwanza humu, alipopiga deki na kuona kona ya nyuma imetutumka na karatasi imejikunja. Tangu siku hiyo akawa anaigandisha na gundi kila inapofunuka, kimyakimya, na karatasi nayo ikawa inafunuka mahali pengine. Waridi alizibandika kwa sababu ubavu mzima ulikuwa unaachia na lori lako linakuja. Akasema hakufanya hivyo kwa mapenzi, nisijipe moyo. Yeye ni mtoto wa watu, hawezi kuja kwenye nyumba ya wenyewe akasema mahogani ya mama yao ni picha ya mahogani. Angeitwa mchawi, na wa kwanza kumwita angekuwa mimi. Kisha akaniuliza kitu kilichonichoma kuliko vyote. Akaniuliza imekuwaje mtu anashinda na karatasi kutwa, anazihesabu, anazichapa, anazibana, halafu akirudi nyumbani anaifuta moja kila siku na hajui kwamba ni karatasi.

Nikamtafuta paka anijibie. Paka alikuwa anajilamba mkia.

Halafu akauliza, kwa utamu, aliyevuta ni nani. Hapo ndipo hukumu ya Baba iliponigeukia. Mbao, au hiyo tuliyoiita mbao, ilikuwa imechunwa, na ngozi yake ilikuwa mkononi mwangu. Nikisema ukweli kwamba hakukuwa na mbao, ninamvua nguo mama mbele ya Baba, ambaye kila jioni akipita hapo hugonga kama mama alivyogonga. Nikinyamaza, ni mimi wa kutafuta pa kwenda, na mimi pa kwenda sina, dada, nawe unajua. Kwako mama mkwe wako amejaa mpaka mlangoni. Nikakaa sakafuni. Nitakuambia kitu ambacho sitakuandikia tena: nililia, na nililia mbele yake.

Wifi alinitazama muda, kama anavyotazama kopo kabla ya kuamua liwe nini. Alisema ananiona nimefurahi kulia, lakini kinyozi hana kazi kubwa kwenye kichwa cha Baba, nywele zenyewe ni za pembeni tu, kwa hiyo niinuke nilete brashi. Nikamuuliza kwa nini, maana alikuwa ameshashinda. Akasema mimi nikihama atabaki na wanaume wanaosifia kila kitu, na ni nani atakayemwambia ndege hana shingo. Akaongeza nisimwangalie hivyo, bado ananichukia.

Ndiyo nikafanya dekupaji, dada. Nilipiga magoti kwenye sakafu ya mama yetu nikafanya dekupaji. Wifi alizitoa waridi zote, za ile karatasi niliyoivuta na za pande nyingine za kabati, kwa ncha ya kisu, taratibu, kama anayemvua mtoto aliyelala. Mimi nikakausha ubao kwa pasi ya moto mdogo. Tukapaka gundi, gundi ya dukani, aliniapisha kwanza. Akashika juu, mimi chini, tukailaza karatasi mahali pake, naye akanitukana kwa sauti ya chini kwamba ninavuta kama mpagazi, nami nikamtukana kwamba anapumua kama treni na pumzi yake inakunja kona. Viputo vya hewa vikatokea. Hapo nikamwonyesha kidogo. Kazini tunapobana vitambulisho kwenye plastiki huwa natoa hewa kwa rula, kutoka katikati kwenda nje, bila kurudi nyuma. Nikachukua rula ya Kidomo nikatoa viputo vyote. Wifi akasema si haba. Hilo ndilo neno zuri la kwanza nililowahi kuambiwa na mwanamke yule, na nililichukia jinsi lilivyonifurahisha.

Pale chini, ubao ulipovimba, karatasi haikutosha tena, likabaki pengo lenye upana wa kidole. Tulibishana mpaka tukasahau kunong'ona. Mwishowe nilikimbia dukani kwetu, nikafungua mlango wa nyuma, nikapiga fotokopi ya rangi ya kipande cha mahogani, nikarudi mbio nikiwa nimekibana kifuani. Rangi ilikuja nyekundu kidogo. Wifi akaipoza kwa majani ya chai. Tulipomaliza tulisimama mbali, tukafinya macho, na sikuweza kuona mama alipoishia na fotokopi ilipoanzia.

Baba akaingia, kichwa kinang'aa. Kaka akabaki mlangoni kama anayesubiri matokeo ya mtihani. Baba alilizunguka kabati, akainama, akasogea karibu, hakuvaa kioo. Akagonga kwa kifundo cha kidole. Akasema mahogani ni mahogani. Akasema mbao ni nzima, hakuna anayehama, na kwamba kuna mtu anadaiwa radhi. Nikaomba radhi. Niliiomba kwa sauti na kwa ukamilifu, na wifi akaipokea akiwa ameinua kidevu kama malkia wa kwenye noti, akasema yamepita, kisha akaliambia kopo la maua kwamba sasa labda watu wataanza kuosha na vikombe vyao.

Wengine wakaenda jikoni kutafuta chakula. Baba akabaki nyuma, akijifanya anatafuta miwani. Aliponipita aliniambia polepole kwamba upande wa kushoto gundi haijakauka, nimzuie mtoto asiegemee. Nikaanza kujitetea. Akasema nisihangaike, siku alipolinunua kabati lile muuzaji alimpa na chupa ya gundi ya nyongeza, ilikwisha kabla wewe hujaanza shule. Nikamuuliza, sasa ile hukumu yote ya nini. Akasema alitaka asubuhi moja akae kwa kinyozi bila kelele.

Kwa hiyo dada, mwambie shemeji amwachie mwenye lori aendelee na mizigo yake. Tulijaribu kulisogeza kabati ili tufagie nyuma, juu kukasogea, chini kukabaki. Ukuta wako tundika picha. Mama mkwe mwambie lolote, wewe una kipaji. Kama akikaza, wifi anasema anaweza kukubandikia trei, na mimi nitatoa viputo, ingawa hilo la mimi usimwambie mtu.

Baba anakusalimu, anasema ulinde goti. Kaka anakusalimu kwa mfuniko. Kidomo anakusalimu na anauliza utamletea nini. Wifi amesikia naandika, ameniambia nikusalimu, na ameiambia sufuria kwamba anajua nimemsema. Msalimie shemeji, wabusu watoto, na ukijibu andika kwa herufi kubwa, sasa barua zinasomwa na Baba kwa sauti.

Ni mimi mdogo wako wa tumbo moja,
wa fotokopi

Kabla sijafunga bahasha nimekwenda kumuuliza Baba kama mama alikuwa anajua. Amenijibu bila kuinua macho kwenye ndege anayemkata kwamba mama ndiye aliyechagua rangi ya karatasi.